Apu Imegoma na Data Iko? Elewa DNS, na Kwa Nini Seva Moja Haitoshi

Una data. Salio lipo. WhatsApp inaingia sawasawa. Lakini ukifungua apu ya malipo, kiduara kinazunguka tu, kisha unaambiwa hakuna muunganisho. Mwenye duka anakuangalia, foleni nyuma yako inaongezeka, na wewe unajiuliza: pesa imetoka ama haijatoka?

Wengi wetu hulaumu simu. Wengine hulaumu kampuni ya mtandao. Mara nyingine hao wote hawana makosa, na shida iko kwenye kitu kinachoitwa DNS, mfumo wa majina ya intaneti. Ni mfumo usioonekana, na watu huugundua siku ile unapokwama.

Katika somo la leo utajifunza:

- DNS hufanya kazi gani kila unapofungua apu au tovuti
- kwa nini kazi hiyo hugawanywa kwa seva nyingi
- makampuni makubwa yalikosea wapi
- ufanye nini malipo yakikwama, ili usilipe mara mbili
- kama una biashara yenye tovuti, ukague nini leo leo

DNS ni nini hasa?

Fungua orodha ya majina kwenye simu yako. Umeandika "Mama Mboga", "Fundi Stima", "Mwenye Nyumba". Ukitaka kumpigia fundi, unabonyeza jina, simu yenyewe inatafuta namba. Namba zao huzikumbuki, na huna haja ya kuzikumbuka.

Intaneti iko hivyo hivyo. Kila seva ina namba yake, kwa mfano 192.0.2.25. Hakuna anayeweza kukariri namba za tovuti zote, kwa hivyo tunatumia majina: majina ya vikoa, kama yale yanayoishia na .co.ke au .com. DNS ndiyo orodha inayogeuza jina kuwa namba. Hata apu ya simu, ambayo wewe hujaiandikia anwani yoyote, ndani yake kuna jina la kikoa. Kabla haijaongea na seva ya malipo, lazima iulize: "Jina hili namba yake ni ipi?"

Tuseme duka fulani lina tovuti inayoitwa duka-mfano.co.ke. Swali husafiri hivi:

1. Simu yako inauliza seva ya kutafuta majina, ambayo mara nyingi ni ya kampuni inayokupa mtandao.
2. Kama haina jibu, seva hiyo inauliza seva za mzizi, zilizo juu kabisa: "Nani anajua habari za .ke?"
3. Inaelekezwa kwa seva za .ke, kikoa cha Kenya, kinachosimamiwa na KeNIC.
4. Hapo inaelekezwa kwa seva za majina za duka lenyewe, na hizo ndizo zenye jibu la mwisho.

Safari yote hii kwa kawaida huisha hata kabla hujapepesa jicho. Jibu likipatikana, seva ya kutafuta majina hulihifadhi kwa muda uliowekwa na mwenye kikoa. Muda huo huitwa TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika 5, na 86,400 ni saa 24. Ndiyo maana wewe unaweza kukwama huku jirani yako analipa bila shida. Seva anayotumia yeye bado ina jibu la zamani kwenye kumbukumbu, na la kwako limeisha muda.

Kwa nini kazi hii hugawanywa?

Fikiria chama cha wanachama 30. Daftari ni moja tu na liko kwa katibu. Katibu akisafiri kwenda mashambani, hakuna anayejua nani amechanga na nani anadaiwa. Pesa ipo, wanachama wapo, lakini kazi imesimama kwa sababu ya daftari moja. Chama chenye akili hutengeneza nakala: moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, nyingine kwa mwenyekiti.

Intaneti ilianza na daftari moja kweli kweli. Majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa na taasisi ya SRI huko Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako iongezwe, ulikuwa unawasiliana nao, wanaandika, kisha wengine wote wanachukua nakala mpya. Kompyuta zilipoongezeka, mpango huo ulilemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza DNS, mfumo ambao kila mwenye jina anasimamia sehemu yake mwenyewe.

Kanuni zilizotolewa mwaka 1987 zilitaka kila kikoa kiwe kwenye seva 2 au zaidi. Mwaka 1997 ukatoka mwongozo mwingine wa kiufundi uliopendekeza seva 3 kwa mashirika mengi, na angalau moja iwe mbali kabisa na nyingine. Wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa kawaida seva moja huwa kuu. Mabadiliko yote hufanyiwa hapo, na kila badiliko linaongeza namba ya toleo. Seva nyingine, za pili, huangalia namba hiyo kila baada ya muda. Zikiona imepanda, zinachukua nakala mpya. Anayeuliza hajui kama amejibiwa na seva kuu au ya pili, na hana haja ya kujua. Seva kuu ikizimika, za pili huendelea kujibu kwa nakala zilizo nazo. Mwenye kikoa ndiye anayeamua ziendelee kwa muda gani, na mara nyingi hupendekezwa wiki mbili hadi nne. Huo ni muda wa kutosha kurekebisha mambo bila mteja kugundua.

Kuwa na seva nyingi si sawa na kugawanya

Hapa ndipo wengi huteleza. Unaweza kuwa na seva nne na bado zote zikaanguka siku moja. Tuangalie visa vitatu vinavyojulikana.

*Kisa cha kwanza: Microsoft, Januari 2001.* Kampuni hii ilikuwa na seva kadhaa za majina, lakini zote zilikaa kwenye sehemu moja ya mtandao. Fundi alipobadilisha mipangilio ya kifaa cha kuelekeza mawasiliano, njia ya kuzifikia zote ikaziba. Tovuti za Microsoft, pamoja na Hotmail, zikakosa kufikika kwa wengi karibu siku nzima. Tovuti zenyewe zilikuwa nzima, ila hakukuwa na wa kueleza ziko wapi. Baadaye kampuni iliingia mkataba na Akamai ili kuwa na seva za majina mahali pengine. Somo: seva zisikae njia moja.

*Kisa cha pili: Dyn, 21 Oktoba 2016.* Dyn ilikuwa kampuni ya Marekani iliyosimamia DNS kwa niaba ya wengine, na seva zake zilikuwa zimesambazwa sehemu nyingi duniani. Siku hiyo ilishambuliwa kwa mafuriko ya maswali bandia kutoka kwa kamera za ulinzi, ruta za nyumbani na vifaa vingine vilivyoambukizwa programu hasidi iitwayo Mirai. Twitter, Spotify, Reddit na tovuti nyingine nyingi zikawa ngumu kufikika kwa saa kadhaa. Waliokuwa na kampuni nyingine ya DNS pembeni walikuwa na pa kuegemea. Somo: seva zote zisiwe za kampuni moja.

*Kisa cha tatu: Facebook, 4 Oktoba 2021.* Hiki wengi wetu tunakikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, hapa Kenya ikikaribia saa moja jioni, WhatsApp, Facebook na Instagram zikazima zote pamoja. Zilirudi saa sita hivi baadaye, usiku wa manane. Amri iliyotolewa wakati wa ukarabati wa kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya kampuni. Seva zake za majina zilikuwa zimepangwa hivi: zikishindwa kufikia vituo vya data, zijiondoe zenyewe kwenye intaneti, kwa kudhani kwamba zilizoharibika ni zenyewe. Basi zikajiondoa zote kwa pamoja. Somo: seva zote zisitii amri moja.

Ukiviangalia visa hivi, utaona kuwa hakuna kampuni iliyokosa pesa wala wataalamu. Shida ilikuwa kwamba nakala zote zilishiriki kitu kimoja: njia, kampuni, au amri. Nakala tatu za daftari la chama hazisaidii kitu kama zote ziko kwenye kabati moja na funguo anayo mtu mmoja.

Na hapa Kenya je?

Juu kabisa ya mfumo kuna seva za mzizi. Zina majina 13, kuanzia herufi A hadi M, na zinaendeshwa na mashirika 12. Lakini usidhani ni mashine 13 tu. Kila jina lina nakala nyingi zinazotumia namba moja, na swali lako huelekezwa kwa nakala ambayo njia yake ni fupi zaidi kimtandao. Kwa jumla kuna nakala zaidi ya 1,000 duniani, na baadhi ziko hapa Nairobi. Mwaka 2022 shirika la ICANN, linaloratibu mfumo wa majina ya intaneti, lilitangaza mpango wa kuweka kundi la seva zake za mzizi hapa Kenya.

Faida yake ni ipi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na majirani wengine. Siku kama hiyo, swali linaloweza kujibiwa Nairobi halihitaji kuvuka bahari. Ila seva za mzizi hujibu hatua ya kwanza tu. Kama duka lako liko Nakuru na wateja wako wako Nakuru, lakini seva zako zote za majina ziko Ulaya, mteja aliye hatua mbili kutoka kwako bado atategemea waya ulio chini ya bahari.

Malipo yakikwama, fanya hivi

Sasa tuje kwako wewe unayetumia simu kulipa.

1. Usibonyeze tena na tena. Jina likikosa kupatikana mwanzoni, ombi lako halijaondoka kwenye simu na pesa haijaguswa. Lakini mtandao ukikatika baada ya ombi kufika, pesa inaweza kuwa imetoka ila jibu ndilo limepotea njiani. Kwa kuangalia skrini tu, huwezi kutofautisha. Ukirudia haraka haraka, unaweza kulipa mara mbili. Kwanza angalia SMS ya kuthibitisha, kisha salio au taarifa fupi ya akaunti.

Kubonyeza bila kupumzika pia kunaongeza msongamano. Facebook ilipozima mwaka 2021, kampuni ya Cloudflare ilisema seva za kutafuta majina duniani zilikuwa zinapokea maswali mara 30 zaidi ya kawaida, kwa sababu apu na watu walikuwa wanajaribu tena bila kukoma.

2. Tumia namba za nyota. Huduma ya USSD, ile ya kupiga *…#, haitumii data ya simu yako. Inapita kwenye mawasiliano ya laini yenyewe, kwa hivyo simu haihitaji DNS. Hali ambayo imekwamisha apu mara nyingi haiigusi USSD. Jizoeze menyu hiyo siku ambayo kila kitu kiko sawa, usingoje siku ya foleni.

3. Badilisha njia. Kama uko kwenye Wi-Fi, jaribu data ya simu, au kinyume chake. Kila mtandao una seva yake ya kutafuta majina, na huenda ile nyingine ina jibu. Kuwasha hali ya ndege kwa sekunde chache kisha kuizima pia husaidia. Kwenye Android, angalia sehemu ya Private DNS katika mipangilio. Kama kuna mtu alikuwekea anwani usiyoijua, irudishe kwenye Automatic.

4. Jihadhari na "wasaidizi". Huduma ikikwama, matapeli huamka. Watakupigia wakisema ni customer care, au watakutumia kiungo cha "apu mpya isiyokwama". Usiwape PIN. Usipakue apu nje ya duka rasmi la apu. Soma jina la kikoa herufi kwa herufi: tapeli husajili jina linalofanana na la kweli, tofauti ikiwa herufi moja au kistari. Na kumbuka, alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa, haikuhakikishii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

5. Wenye maduka na mawakala: usimwachie mteja bidhaa kwa kuonyeshwa skrini au SMS iliyo kwenye simu yake. Ngoja uthibitisho ufike kwako. Na usimlazimishe kulipa tena kabla nyote wawili hamjaangalia salio.

Una tovuti ya biashara? Dakika kumi tu

Kama wateja wako huagiza kupitia tovuti au barua pepe yenye jina la kikoa chako, kikoa hicho ni mali, sawa na stoo yako. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt uandike:

nslookup -type=ns duka-mfano.co.ke

Weka jina lako badala ya hilo la mfano. Utaona orodha ya seva zako za majina. Kisha angalia namba ya kila moja kwa kuandika nslookup na jina la seva hiyo. Sasa jiulize:

- Ziko ngapi? Zikiwa chini ya mbili, mpigie aliyekutengenezea tovuti leo.
- Namba zinafanana? Wakati mwingine ns1 na ns2 ni majina mawili ya mashine moja. Namba zikiwa zile zile, una seva moja iliyovaa kofia mbili. Zikitofautiana tarakimu za mwisho tu, huenda zimekaa chumba kimoja, kwa hivyo uliza.
- Ni za nani? Zikiwa zote za kampuni moja, uliza kama unaweza kuongeza seva ya pili kwa kampuni tofauti. Wako wanaotoa huduma hiyo bure kwa vikoa vidogo.
- Rekodi zinalingana? Kampuni mbili zikitoa majibu tofauti, mteja mmoja ataona tovuti mpya, mwingine ya zamani, na barua pepe zitapotea. Hakikisha seva ya pili inachukua nakala yenyewe kutoka kwa seva kuu, isiwe ni mtu wa kukumbuka kunakili.
- Nani ana funguo? Akaunti ya kikoa iwe kwa barua pepe yako, si ya fundi aliyehama. Weka uthibitisho wa hatua mbili na kikumbusho cha kulipia kabla muda haujaisha. Kikoa kikiisha muda, seva hata kumi hazitakuokoa.

Ukitaka kuhama kampuni, shusha TTL kwanza, kwa mfano kutoka 86,400 hadi 300. Ngoja saa 24 majibu ya zamani yaishe kwenye kumbukumbu za watu, ndipo uhame. Usizime seva ya zamani siku hiyo hiyo. Ukishatulia, rudisha TTL juu, kwa sababu TTL ndefu huwasaidia wateja kuendelea kukupata hata seva zako zikiyumba kwa muda mfupi.

Maswali ya haraka

*DNS ikikwama, pesa yangu iko salama?* Ndiyo. DNS haihifadhi salio, inaonyesha njia tu. Barabara ya kwenda benki ikifungwa, pesa iliyo ndani haipotei.

*Kwa nini mmesema imerekebishwa na kwangu bado?* Huenda seva unayotumia bado imeshika jibu la zamani au lile la "haipo". Ngoja dakika chache, au badilisha mtandao.

*Seva nyingi si ni gharama?* Kwa biashara ndogo, gharama ni ndogo au hakuna. Linganisha na mauzo ya siku moja ambayo wateja hawakukupata.

Kwa kifupi

Jina lako la mtandaoni liwe na mashahidi zaidi ya mmoja, wasiokaa nyumba moja, wasioajiriwa na tajiri mmoja, na wasiongoja amri ya mtu mmoja. Na kama wewe ni mteja tu, kumbuka mpangilio huu: angalia SMS, angalia salio, piga namba za nyota, ndipo ufikirie kujaribu tena.

Mtumie somo hili mtu mmoja mwenye duka, na umwambie ajaribu ile amri ya nslookup jioni akifunga hesabu.